Imla ya Nne Kwenye Kompyuta Bubu

Mke wangu alifariki Meru, kwa mama yake, Majengo, alfajiri ya siku ambayo mimi nilikuwa shambani kwetu Kiritiri nikikagua ndengu. Naanza na hilo kwa sababu mtu akinisikia nikisimulia habari za kompyuta na setingi zake atadhani nina wazimu wa vyombo. Sina. Kompyuta siipendi. Niliitumia miaka mingi kazini kwa sababu mshahara ulinitaka niitumie, na nilipostaafu niliiaga kama unavyomuaga jirani mkorofi anayehama. Lakini ndani ya kompyuta iliyoko nyumbani kwangu Embu mlikuwa na sauti ya mke wangu, na kompyuta hiyo ilikuwa imenyamaza.

Niligundua kwa bahati. Nilikuwa natafuta barua moja ya zamani kuhusu tangi la maji, nikawa nafungua folda baada ya folda, nikakuta moja yenye jina lake. Ndani mlikuwa na faili moja tu: Imla ya nne.

Alikuwa mwalimu wa ngumbaru, yaani shule ya watu wazima waliokosa masomo utotoni na sasa wanataka kusoma msahafu wao wenyewe, au ujumbe wa simu bila kumpa mjukuu awasomee. Wakati wa imla alipata shida. Akisimama mbele kusoma sentensi, hawezi kupita kati ya madawati kuona vidole vilivyoshika kalamu kama mpini wa jembe. Kwa hiyo akaanza kujirekodi hapa nyumbani, kwenye kompyuta, polepole, kila sentensi mara mbili. Rekodi nyingine zote alizihamishia kwenye flashi ya darasa, na flashi ikaenda na mwalimu aliyemrithi. Hii ya nne ilibaki, sijui kwa nini. Labda haikumpendeza.

Faili ilikuwa ya dakika kumi na moja. Nikabofya. Mstari ukaanza kutembea, sekunde zikawa zinahesabika, na hakuna kilichosikika. Nikazungusha kitufe cha spika mpaka mwisho wake. Kimya. Nikaweka sikio kwenye spika yenyewe kama daktari. Kimya.

Picha zake ninazo, nyingine nzuri kuliko alivyokuwa, nyingine mbaya mpaka nazificha. Sauti sikuwa nayo. Ujumbe wa sauti hakuwahi kunitumia hata mmoja. Alisema mwenye miguu na aje tuonane. Mwaka na zaidi ulikuwa umepita, na kilichoniogofya ni kwamba nilikuwa naanza kuisahau. Maneno yake niliyakumbuka yote, hasa ya kunigombeza, lakini yalikuwa yananijia kwa sauti yangu mimi. Ukiishi peke yako muda mrefu kila kitu hukujia kwa sauti yako. Kuna siku nilikuwa nikifika jioni nagundua kwamba mdomo wangu sijautumia kwa lolote isipokuwa kula, na chakula chenyewe kilikuwa ugali wa mtu mmoja, ambao hauivi sawa hata uusonge vipi.

Mwanangu, anayefanya kazi Nakuru, angeweza kunisaidia. Sikumwambia. Najua angesema, "Baba, nitumie hiyo faili," nami nisingejua kuituma, angenielekeza mpaka nijue, na jioni hiyohiyo sauti ya mama yake ingekuwa kwenye simu za ukoo mzima kabla mimi sijaisikia. Nilitaka kuwa wa kwanza. Ni choyo, nakubali. Siku ya mazishi yake Majengo nilikuwa wa mwisho kufika, na hilo lilinikaa kooni.

Mke wangu kwao Majengo Kiswahili ndicho cha nyumbani. Babu zao walitoka kila upande wakakutania hapo. Mimi ni Mmbeere, Kiswahili nilikipata shuleni kwa fimbo. Nilisilimu ili nimwoe, na ndugu zangu Kiritiri wakasema si mimi niliyeoa, mimi ndiye niliyeolewa. Miaka yote tuliyokaa pamoja alinirekebisha kila nilipofungua kinywa. Nikisema kitabu yangu, yeye, hata akiwa anakata vitunguu, atasema kitabu changu bila kuinua kichwa. Nilikasirika kila mara na nilijifunza kila mara. Kiswahili hiki ninachoandika ni chake.

Siku alipofariki walinipigia tangu asubuhi. Shambani kwetu mtandao hufika ukijisikia, na simu yangu ilikuwa ndani ya koti, koti limetundikwa kwenye nguzo ya boma la mbuzi. Nilipoitoa ilikuwa saa saba mchana. Nilipofika Majengo jua lilikuwa linazama na walikuwa wamekwisha kumzika. Dini hiyo mimi niliingia kwa karatasi, lakini nilikaa ndani yake muda wa kutosha kujua kwamba maiti hacheleweshwi. Tena walinisubiri. Mazishi yalikuwa ya adhuhuri, wakayasogeza hadi alasiri kwa ajili yangu. Hilo sikuambiwa siku ile, au niliambiwa na sikutaka kusikia. Mdogo wake, shemeji yangu, alinipokea mlangoni akiwa na macho yaliyovimba, nami nikamwambia mbele ya watu wote kwamba wamemfukia dada yake mbio mbio kama watu wanaoficha kitu.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Alisogea kando nipite. Nilirudi Embu kesho yake, na tangu siku hiyo mimi na shemeji hatukuzungumza tena. Hasira hasara, wanasema, na mimi hasara hiyo nilikuwa naila kila siku pamoja na ule ugali.

Sasa kuhusu hizo setingi. Ofisini kwetu kila kompyuta ilikuwa na karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini: USIGUSE SETINGI. Aliyeibandika alikuwa ofisa wa kompyuta, mtu mfupi mwenye funguo nyingi. Mwenzetu mmoja aliwahi kubonyeza vitu asivyovijua, skrini yake ikapinduka, maandishi yakawa kichwa chini miguu juu, akafanya kazi hivyo nusu siku akiwa ameinamisha shingo, kwa kuogopa kusema. Aliandikiwa barua ya onyo. Tangu hapo setingi kwangu zilikuwa sawa na lile sanduku la umeme lililochorwa fuvu la kichwa. Nilistaafu bila kuzifungua hata mara moja, na nilijivunia hivyo.

Kwa hiyo nilipoona kompyuta ni bubu, nilifanya kama kila mtu anavyofanya kwetu. Nilichomoa waya, nikalifunga sanduku la kompyuta kwa leso ya marehemu, nikapanda pikipiki nimelipakata mpaka mjini kwa fundi. Sanduku peke yake. Hivyo ndivyo tunavyopeleka kompyuta hospitali. Skrini hubaki nyumbani, maana kazi yake ni kutazamwa tu, na anayetazamwa tu haugui.

Fundi alichomeka waya zake, skrini yake na spika zake, akaweka wimbo wa injili. Duka zima likatetemeka.

"Mzee, hii iko sawa kabisa. Skiza hiyo," akasema. "Hapo ni spika zako zimekufa."

Nikanunua spika mpya. Nikarudi nyumbani, nikaunganisha, nikabofya Imla ya nne. Kimya kilekile, ila sasa kilikuwa kinatoka kwenye spika mpya.

Nilirudi kwa fundi keshokutwa yake, safari hii na sanduku pamoja na spika. Akaunganisha. Wimbo wa injili ukatoka kwenye spika zangu kama kawaida. Fundi akajikuna kichwa.

"Uko na sauti yako yoyote hapa ndani, mzee? Tujaribu na hiyo." Akawa ameifikia folda ya mke wangu, mshale wake ukiwa juu ya ile faili.

Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake. Palikuwa na watu wanne wakisubiri fotokopi za vitambulisho, mmoja anakula mahindi ya kuchoma. Sikungoja mwaka mzima ili mke wangu azungumze mbele ya mahindi.

"Wacha hiyo," nikamwambia.

"Sawa. Basi hii ni Windows imezeeka. Wacha nipige fomati, niweke mpya, kesho unakuja kuchukua."

"Na vitu ziko ndani?"

"Hizo zinaenda. Lakini kama kuna kitu ya maana tunaweza weka kwa flashi."

Fundi yule si mtu mbaya. Ndiyo desturi ya mafundi wetu wote: kompyuta ikikohoa, fomati, ikichelewa kuwaka, fomati. Wanafuta kila kitu na kuanza upya, na kweli mashine inapona, ila inarudi kwako haikujui. Na hizo flashi zao zimepita kwenye mashine za mji mzima. Jirani yangu alirudishiwa picha za harusi ya binti yake kwenye flashi ya namna hiyo, na kila picha ilipofunguliwa ilikuwa tupu. Nikalifunga sanduku langu kwa leso.

"Mzee, sasa umekasirika?" fundi akauliza.

Nilikuwa nimekasirika, lakini si kwake. Niliondoka bila kumjibu. Na ndiyo maana sikuweza kurudi tena kumwomba hata anihamishie faili kwenye simu, jambo ambalo baadaye niliambiwa lingechukua dakika mbili. Katika maisha yangu nimejifungia milango mingi kwa staili hiyo.

Ikabaki mimi na mashine. Nikapiga moyo konde: nitazifungua setingi mwenyewe. Sikujua hata zinakaa wapi. Chini kulikuwa na kisanduku cha kutafutia, nami kwa utiifu wa mwanafunzi wa mke wangu nikaandika "mipangilio". Kompyuta ikatoka mbio hadi kwenye intaneti ikaniletea watu wanaopanga harusi, mahema, viti na keki. Siku ya pili nikagundua alama ndogo ya gurudumu lenye meno. Nikaibofya, zikafunguka. Lakini kufika mjini si kufika nyumba unayoitafuta. Orodha ilikuwa ndefu, kila neno unalobofya linazaa orodha nyingine, na mimi nikawa nabofya kila lililofanana na tiba.

Nikabofya neno lililoonekana la kurudisha mambo yalivyokuwa. Hicho ndicho nilichokitaka, mambo yarudi yalivyokuwa. Ukurasa ukageuka ukaniuliza: nibakize mafaili yangu, au niondoe kila kitu?

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya na sikujua kama nikitingisha kidole nitakuwa nimejibu. Sikugusa tena. Niliinama chini ya meza nikang'oa waya ukutani, skrini ikawa nyeusi, nikakaa hapohapo sakafuni mgongo kwenye mguu wa meza. Nililia. Sikulia vile Majengo, wala Kiritiri ndugu zangu waliponiuliza kwa nini hajaletwa kuzikwa nyumbani. Nililia kwa sababu nilikuwa karibu kumpoteza mara ya pili, na mara hii kwa mkono wangu mwenyewe, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba wa kuniambia nyanyuka.

Mtu mmoja tu alikuwa anaijua kompyuta ile. Shemeji. Ana duka la kupiga chapa Majengo, ubavuni mwa bucha, na ndiye aliyekuja Embu miaka ile akamfundisha dada yake kurekodi. Nilizunguka na wazo hilo siku mbili. Niliosha vyombo visivyo vichafu. Siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, saa ambayo duka lake halina watu wengi, nikapiga simu. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Shemeji," akasema. Hakuuliza ni nani. Namba yangu hakuifuta.

"Kompyuta haitoi sauti," nikasema. Mwaka na zaidi, na hilo ndilo lililonitoka kwanza.

Nyuma yake nilisikia shoka la bucha likigonga gogo.

"Waalaikum salaam," akasema.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. "Asalaam alaikum, shemeji."

"U mzima?"

"Nipo."

"Haya. Kaa mbele yake, uiwashe. Unaiona? Chini kushoto kwenye kibodi kuna kitufe chenye dirisha la vioo vinne. Kishikilie, usikiachie. Sasa gusa herufi I, mara moja tu."

"Tulikatazwa kugusa setingi."

"Na nani?"

Yule ofisa mwenye funguo alistaafu kabla yangu.

"Gusa, shemeji. Setingi hazifuti kitu kabla ya kukuuliza, na zikikuuliza, wewe unasema hapana. Basi. Hazina hila."

Nikagusa. Ukurasa ukafunguka palepale, bila gurudumu wala harusi. Akanipeleka hatua kwa hatua, kwa sauti ya mtu anayemvusha mwenzake mto: orodha ya kushoto, neno la kwanza kabisa, lile la mfumo, halafu kulia, chini kidogo, picha ya spika. Kila nilipofika alingoja niseme nimefika.

"Sasa hapo juu wanakuuliza sauti itokee wapi. Pana mistari mingapi?"

"Miwili."

"Kidoti kiko kwenye upi?"

"Wa juu. Umeandikwa herufi na namba, kama namba ya gari."

"Hiyo ni nini?"

Niliangalia. Herufi zilezile zilikuwa zimebandikwa kwenye kona ya skrini. "Ni skrini. Hiyo ni jina ya hii skrini."

"Ni jina la," akasema kwa mazoea, kisha akanyamaza ghafla. Sote wawili tulijua hiyo ilikuwa kazi ya nani. Shoka la bucha likagonga mara mbili, tatu.

"Skrini yenyewe ina spika?" akauliza baadaye.

Nikaigeuza, nikaipapasa mgongo wote. Ilikuwa skrini mpya, nyembamba, mwanangu alininunulia baada ya matanga, ile ya zamani ilipokufa, na ilikuja na waya wake wa aina nyingine. "Haina."

"Na waya wake unabeba picha na sauti pamoja. Basi tangu siku hiyo kompyuta yako inazungumza, na maneno yote yanapelekwa kwa asiye na mdomo. Kwa fundi uliipeleka hiyo skrini?"

"Nilipeleka sanduku."

Akacheka. Alijaribu kuzuia akashindwa. Nami nilikuwa tayari kukasirika, nimeshavuta pumzi ya kukasirikia, nikaona haina kazi nikaitoa tu.

"Bofya mstari wa chini, ule wa spika," akasema. "Umeona kidoti kimeshuka? Haya, jaribu na kitu chochote."

"Sina kitu chochote. Niko na kitu kimoja."

"Kipi?"

"Imla ya nne."

Nilisikia kiti kikisukumwa na mlango ukifungwa, na shoka likawa mbali.

"Ya dada?"

"Ndiyo."

"Hujaisikia bado?"

"Bado."

Alipumua. "Basi mimi nikate, usikilize."

Hilo ndilo nililokuwa nimelitaka tangu mwanzo, niisikie peke yangu, niwe wa kwanza. Niligeuka nikaiona nyumba yangu: kochi lenye shimo upande mmoja tu, kiti cha pili kimejaa magazeti. Upweke nilikuwa nao wa kutosha. Sikuhitaji kuuongezea.

"Usikate," nikasema. Nikaiweka simu kando ya spika na nikabofya.

"Imla ya nne," akasema mke wangu. "Andika tarehe juu, upande wa kulia. Tayari? Sentensi ya kwanza."

Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, na yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa maneno. Kumbe nilikuwa nimeshaibadilisha kichwani mwangu nikaifanya nyororo. Haikuwa nyororo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma.

"Mvua... imenyesha... usiku kucha. Mvua imenyesha usiku kucha. Sentensi ya pili. Mbuzi wa jirani... amekula... mihogo yetu."

Mimi mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

"Sentensi ya tatu," akasema. "Baba... amerudi..."

Kutoka mbali, nyuma yake, mwanamume akapaza sauti kwa ukali: "Wewe! Hii chai imekaukia jikoni?"

Sikumtambua mara moja. Nilikereka, nikajiuliza ni nani huyo anayemkatiza. Halafu nikamjua.

"Nakuja!" mke wangu akaitika. Kiti kikasogea, kandambili zikapiga sakafu zikienda, na imla ikaishia hapo. Mstari ulikuwa umekula dakika mbili tu kati ya kumi na moja.

Niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, ya Majengo ikiwemo. Nimemtafuta mke wangu siku zote hizi, nimemkuta, na aliyemfukuza kwenye maikrofoni ni mimi. Kwa sababu ya chai. Nikanyoosha mkono niufunge ule ukurasa.

"Usizime," akasema shemeji kwenye simu. "Yeye hakuizima. Amesahau. Acha iende."

Nikaacha. Kwa hiyo tukasikiliza nyumba yangu ilivyokuwa. Maji yalimiminika kwenye ndoo. Kijiko kiligonga kikombe. Mtu alikohoa, nadhani mimi. Kulikuwa na mazungumzo jikoni, sauti mbili, maneno hayashikiki, ya kwake yakipanda na kushuka na ya kwangu yakinguruma chini. Kisha akacheka. Alicheka kwa nguvu, kile kicheko chake cha kushika ubavu, na aliyekuwa naye jikoni ni mimi peke yangu, kwa hiyo lazima nilikuwa nimesema jambo la kuchekesha. Sikumbuki ni nini. Nimejaribu mpaka leo na sikumbuki.

"Shemeji," nikasema, "yale maneno niliyosema Majengo siku ile, mbele ya watu..."

"Nyamaza, tusikie," akasema.

Sufuria ilifunikwa. Jogoo wa mtu aliwika saa isiyo yake. Mlango wa nje ulifunguka ukafungwa, na huyo alikuwa mimi nikitoka, maana baada ya hapo palikuwa na hatua zake tu, na wimbo aliokuwa akiuguna bila maneno, ukisogea karibu, karibu zaidi, mpaka kiti kikalia chini yake.

"Ah," akasema, pale pale kwenye maikrofoni, kana kwamba amekaa mezani nami. "Kumbe wewe bado unanisikiliza."

Kukasikika kubofya kumoja, na mstari ukafika mwisho.

"Nakusikiliza," nikasema.

Simu ilikuwa bado hewani kando ya spika.

"Na mimi," akasema shemeji.